Siku Elias Alipohamisha Mtaa

Elias wa Magarama hakuwa mtu wa kuelekezwa. Ukimletea simu iliyoingia maji, hataki hata umsimulie imeingiaje. Anakunyamazisha kwa kiganja, anaifungua, anaipuliza, na mara nyingi inapona. Kwa hiyo dada yake Jeska alipompa kazi ya kuhamisha watu, kichwa kilikuwa kimeshamvimba tayari.

Watu wenyewe hawakuwa wa nyama na damu. Walikuwa wanakijiji wa ndani ya gemu, lile la dunia ya matofali, ambamo mchana unachimba na kujenga, na usiku mazombi yanatoka kutafuta wa kumla. Jeska alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muyinga, Elias fundi simu hapa Gitega, na kwa miaka miwili walikuwa wakijenga dunia moja humo ndani, kila mmoja akiingia kwa simu yake anapopata bando. Wachezaji wengine huwaacha wanakijiji bila majina. Jeska aliwabandika majina ya watu wa mtaa wao wa kambi ya wakimbizi, kule Tanzania, walikozaliwa na kukulia wote wawili. Wanakijiji kumi na wanane, kila mmoja na jina lake juu ya kichwa. Mzee Manase, ambaye kambini alikuwa na redio pekee ya mtaa. Gervasi. Letisia na mdomo wake. Na mkulima mmoja mwenye kofia pana ya majani, ambaye Jeska alimpa jina la mama yao mzazi, Anisia.

Mama Anisia mwenyewe yu hai na mzima, analima maharage Bukirasazi. Alipoambiwa kwamba yumo ndani ya simu akiuza mkate, alicheka mpaka akakaa chini.

Basi Jeska alijenga kijiji kipya ng'ambo ya ziwa, chenye ukuta na taa kila pembe, maana kile cha zamani kilikuwa wazi mno na mazombi yalikuwa yameshaanza kukizoea. Lakini kabla hajawahamisha watu wake, mimba ikamlemea. Daktari akamwambia alale na aache kukodolea simu. Akamtumia kaka yake ujumbe wa sauti.

"Kaka, nisikilize mpaka mwisho. Wapeleke mmoja mmoja kwa mtumbwi. Asubuhi tu, jua likichomoza. Kitanda cha mtu kiwe kimeshamngoja kule kabla hujampakia. Ukiona jua linashuka, simama hapo hapo, mzungushie matofali uliye naye, umfunike na juu, mngoje kuche. Na nyumba za huku usiziguse mpaka mtu wa mwisho awe amelala kule. Hao ni watu wangu, Elias. Sitaki apotee hata mmoja."

Elias alisikiliza huku akitikisa kichwa. Mmoja mmoja! Safari kumi na nane kuvuka ziwa, kana kwamba anabeba mayai.

Jumamosi moja mchana, wateja wakiwa wachache, alianza. Wa kwanza akapanda mtumbwi vizuri, wakavuka, akashushwa. Elias alipogeuka tu, akamwona mtu yule amerudi kusimama ukingoni mwa maji, uso ameuelekeza alikotoka. Akamsukuma ndani. Akarudi tena ukingoni. Mara ya tatu Elias akaudhika.

"Mtu hahami akiwa na pa kurudi," alisema peke yake, kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Wala hakujiuliza aliyajulia wapi.

Akarudi kijiji cha zamani, akatoa shoka, akavunja vitanda. Vyote. Akavunja na milango, halafu mapaa, ili pasibaki hata kona ya kumtamanisha mtu. Ilimchukua dakika chache. Kisha akaanza kuwavusha haraka haraka, hafuniki, hasimami, anapakia na kushusha. Na kweli kazi ilikwenda! Alijiona bingwa. Pamoja na yule wa kwanza alifikisha saba, na alipokuwa katikati ya ziwa akirudi kuchukua wa nane, anga la gemu likaanza kuwa jekundu.

Mwenye gemu anajua kwamba usiku wa humo hauna subira. Elias alipiga makasia mpaka kidole gumba kikamuuma. Alipokaribia ufukwe alikuwa ameshaanza kuyasikia mazombi, ile milio ya kukoroma. Wanakijiji kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwenye magofu. Walikimbia huku na huku wakitafuta mlango, na mlango haukuwepo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuondoa. Akatupa matofali ovyo kujaribu kumzungushia mtu ukuta. Akajikuta anajenga ukuta huku aliyekusudiwa ameshaliwa.

Anisia hakukimbia. Alisimama na kofia yake pale pale kilipokuwa kitanda chake, mpaka zombi likamfikia.

Hapo ndipo Elias alipokumbuka. Alikuwa na miaka kumi na saba kambi ilipofungwa. Walikuja asubuhi wanaume wenye nyundo na mitaimbo, wakaanza na mapaa, ili asibaki mtu ndani na asiwepo wa kurudi nyuma. Malori ya kuwarudisha kwao yakachelewa. Mama yao alikaa siku mbili juu ya kitanda chake nje, mvua inanyesha, sufuria mapajani, na Elias amesimama kando yake hana la kufanya. Alijiapiza siku ile mambo mengi. Sasa aliitazama simu mkononi mwake na kusikia damu inampanda usoni, ikafika mpaka masikioni.

Feroz Karmali, mwenye duka la betri na redio mlango wa pili, alikuwa anapita na chai yake. Akasimama.

"Fundi, iko nini? Kuna mtu amekufa?"

"Hapana," Elias akajibu. "Hajafa mtu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na kwa bahati mbaya ulitoka kirahisi. Jioni ile akamwandikia Jeska: Wote wamefika salama. Jeska akajibu kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayelia kwa furaha. Akasema Mungu ambariki, na kwamba yeye na mumewe Prosper wameshakubaliana, mtoto akizaliwa msimamizi wake wa ubatizo ni Elias. "Maana wewe mtu ukipewa watu, unawafikisha."

Mwenye aibu angekiri hapo. Elias alikuwa na aibu nyingi kweli, lakini aliitumia kutafuta njia ya kuificha. Kwa wiki nne aliwapa mkate wale saba waliobaki na kuwaongezea vitanda, mpaka wakazaa watoto, na watoto wakakua, kama mambo yalivyo humo ndani. Alivua samaki ziwani saa nzima nzima kwa ajili ya vibandiko vya majina, ambavyo humo huvuliwa kwa nadra, katikati ya viatu vibovu. Akabandika. Manase. Gervasi. Letisia. Kijana mmoja aliyekuwa hajawahi kushika jembe akampa shamba, kofia ya majani ikamtokea kichwani, na Elias akamwandika Anisia. Alipomaliza, hakuweza kuwatazama kwa muda mrefu. Kila mara aliingia, akahesabu kumi na wanane, akatoka.

Mtoto wa Jeska alizaliwa salama, wa kike. Siku ya ubatizo Elias alipanda gari la Muyinga, la kupitia Karuzi, pamoja na mama yake, amevaa shati jeupe jipya, mama amejifunga kitenge cha sherehe na kupakata kuku. Kanisani alimshika mtoto na kuitikia yote aliyoulizwa. Aliitikia kwa sauti ya chini kiasi kwamba padri alimwomba arudie.

Baada ya kula wali, maharage na nyama, wageni wakiwa wamepungua, mama Anisia akafuta mikono.

"Jeska, hebu nioneshe watu wetu. Nasikia walihamishwa."

Jeska alikuwa hajaingia kwenye gemu tangu aambiwe alale. Akaifungua simu kwa hamu, akaketi kati ya mama na kaka yake, Prosper akasimama nyuma yao na chupa ya Fanta. Wakaonekana nyuma ya ukuta, kila mtu na jina lake.

"Mama, huyu Manase. Yule Letisia. Na wewe ndiye huyu."

"Mbona nimenona?" Mama akacheka.

"Ngoja ununue kwake mkate," akasema Jeska, akamgusa mkulima mwenye kofia.

Elias aliangalia kidole cha dada yake. Anisia wa Jeska alikuwa amezoeana naye miaka miwili. Alimuuzia mkate, keki, karoti za dhahabu, kwa bei ya ndugu. Huyu hakuwa na mkate wa kumuuzia. Alichojua ni kuomba ngano tu, kama mkulima aliyeanza jana. Kidole cha Jeska kikasimama juu ya orodha ya bidhaa. Akamgusa Manase, akafunga. Akamgusa Letisia, akafunga. Halafu akainua macho, akamtazama Elias mara moja, wala si kwa muda mrefu.

Prosper hakuona kitu. "Muramu, we uko fundi kweli!" akasema na kumpiga shemeji yake begani. "Mi ningewapoteza wote kwa maji."

"Walitolewaje?" Mama akauliza, na sasa alikuwa hacheki. "Walibomolewa nyumba kwanza?"

Elias akafungua mdomo. Jeska akamuwahi.

"Hapana, mama. Elias aliwachukua mmoja mmoja. Kila mtu alikuta kitanda chake kinamngoja."

Alisema bila kumtazama kaka yake, sauti imetulia, akimstiri mbele ya mama na mbele ya mume wake. Elias alitamani dada yake amzabe kofi. Kofi lingekuwa rahisi.

Mama Anisia akauchukua mkono wa mwanawe, akaushika kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Hivyo ndivyo mtu anavyohamishwa. Ungekuwa wewe ndiye mkubwa wao siku ile, nisingelala mvuani."

Elias alijaribu kuuvuta mkono. Mama hakuuachia.

"Mama, si kweli," akasema.

"Elias," Jeska akanong'ona, "acha."

"Nilibomoa kwanza. Vitanda, milango, mapaa. Nilitaka kazi iishe. Usiku ukawakuta nje. Saba tu ndio waliofika, kumi na mmoja waliliwa. Hawa unaowaona niliwatengeneza baadaye, nikawabandika majina ili Jeska asijue."

Prosper akacheka kidogo. "Bon, ni gemu tu, si..." Hakumaliza, kwa sababu mkewe alimgeukia.

"Wataje," mama akasema.

"Mama?"

"Waliokufa. Si wana majina? Wataje."

Akawataja, kichwa chini. Manase. Gervasi. Letisia. Husni fundi viatu. Wale mapacha wawili wa nyumba ya kisimani. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya kitenge chake, bila haraka, na wa kumi alipotajwa Elias akaishia hapo.

"Umesema kumi na mmoja."

"Na wewe, mama."

"Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umesimama pale kilipokuwa kitanda chako. Wewe hukukimbia."

Mama Anisia aliuachia mkono wake. Hakufoka. Angefoka, Elias angepata pa kujifichia. Alimtazama tu usoni, kwa makini, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi mtu huyu.

"Hata wale wenye nyundo," akasema, "walituambia wanataka kazi iishe."

Elias alitaka kumjibu kwamba yeye si kama wale. Mtoto akaanza kulia chumbani.