Mstari wa Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, mshona mapazia alisukuma meza ya kukatia hadi ukutani, akakunja zulia, akavaa raba alizonunuliwa na binti yake, kisha akawasha tivii. Video yenyewe iliitwa Mazoezi ya Moyo, na ilikuwa ya kurukaruka tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Mwalimu alikuwa msichana mwenye meno mazuri na pumzi zisizokwisha. Aliruka huku anazungumza, jambo ambalo mshona mapazia aliliona kama kula huku unapiga domo, lakini alimsamehe kwa sababu ya maneno yenyewe.

"Magoti juu! Uko vizuri! Nakuona! Usiniache!"

Hakukuwa na mtu mwingine aliyemwambia hivyo. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na wateja walimwambia tu kwamba pazia limevuta kidogo upande wa kushoto.

Aliyeanzisha mambo haya ni daktari. Alimsikiliza kifua, akasema moyo umekuwa mvivu, unahitaji kushughulishwa. Binti yake, aliyekuwa mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno katika mji mwingine, akalipia video kwa ajili yao wote wawili. "Tutafanya pamoja, mama. Saa moja asubuhi, wewe kwako, mimi kwangu. Itakuwa kama tuko chumba kimoja." Mwanzoni walipigiana simu kabla na baada ya mazoezi. Kisha ikawa kabla tu. Kisha ikawa Jumapili, tena binti akiwa njiani kwenda mahali, na maongezi yalikatikia katikati: "Subiri mama, nakupigia sasa hivi." Sasa hivi ya binti huyu ilikuwa ndefu, mtu angeweza kushona ndani yake pazia la ukumbi mzima.

Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa kizito cha rangi ya chungwa lililoiva. Mshona mapazia alikinunua siku binti alipohamia nyumba mpya, na tangu siku hiyo kilikuwa kinangoja vipimo vya dirisha. Alikuwa amevalisha madirisha ya nusu ya mji, ya wapangaji na ya wenye nyumba, hata ya chumba cha mahakama, lakini dirisha la mwanawe hakulijua. Hakuwahi kualikwa. "Nyumba bado haijakaa sawa, mama. Ikikaa utakuja." Na vipimo? "Nitapima." Fundi hakati kitambaa kwa kubahatisha. Pazia refu ni ufagio, na pazia fupi ni fedheha.

Alikuwa mpweke. Neno hilo hakulipenda, akiulizwa hali alisema ana kazi nyingi.

Aliporuka, mzee wa ghorofa ya chini aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Siku ya kwanza mshona mapazia aliona aibu. Baadaye alianza kuichukulia kuwa ndiyo salamu yake ya asubuhi, na wiki moja mzee alipolala na homa asigonge, alikanyaga kwa makusudi kumchokoza, akakosa jibu, siku ikamwendea vibaya.

Lazima isemwe kwamba hakumfuata mwalimu. Magoti yake hayakuwa ya kurukishwa. Katika kona ya kushoto ya video, mstari wa nyuma, alikuwepo mwanamke wa makamo mwenye suruali ya kijivu ambaye hakuruka, alipiga hatua tu, kuume na kushoto, mikono kiunoni. Mwalimu alimtaja mara moja katika kila zoezi bila kugeuza shingo: "Na kwa wenzetu wenye magoti, mtazameni mwenzangu kule nyuma." Mshona mapazia alimtazama huyo. Alimjua anavyokaza midomo anapochoka, na kwamba kiatu chake kimoja kimetoboka kidoleni.

Kurukaruka kulipokwisha, mwalimu alisema, "Sasa tupoe," na hapo mshona mapazia alizima. Kupoa ni kunyoosha mikono na kuvuta pumzi, na hayo mtu anaweza kuyafanya akingoja maji ya chai yachemke. Karibu kila mtu huzima hapo.

Jumanne moja kona ya kushoto ilikuwa tupu. Mwalimu alisema kama kawaida wenye magoti wamtazame mwenzake, na pale nyuma palikuwa na sakafu tu. Mshona mapazia alisimama, asijue apeleke wapi mguu. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa yule mwenye suruali ya kijivu. Kwa karibu alikuwa mfupi zaidi, na alinuka jasho la siku nyingi. Aliomba kiti kabla ya maji. Mshona mapazia alimpa vyote viwili, akapunguza sauti ya tivii kwa heshima ya mgeni.

"Nimechoka, mwenzangu," mgeni alisema. "Kule hakuna kukaa. Mmoja akizima, mwingine anawasha."

"Pole. Umenijuaje?"

"Wote wanamfuata mwalimu. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unanifuata mimi." Alikunywa maji taratibu. "Ila nawe ulikuwa unazima."

"Nilidhani pale mwisho hakuna kitu."

"Pale mwisho ndipo tunapoagana. Mwalimu anafumba macho, nasi tunaruhusiwa kunyoosha mikono tunavyotaka. Mimi nilikuwa nakupungia kila siku. Ninanyanyua tu mkono, giza."

Mshona mapazia alisema samahani, na aliisema kwa dhati. Chini, mzee aligonga dari kwa mazoea, ingawa hakuna aliyekuwa anaruka.

"Ukiwa kule unawaona watu wote?" mshona mapazia aliuliza.

"Macho hayana pazia. Nawaona, na vyumba vyao."

"Kuna msichana anafanya saa moja asubuhi. Mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi."

"Yupo. Dirisha lake limetundikwa shuka kwa misumari."

Mshona mapazia alitazama juu ya kabati. Shuka, kwa misumari, mtoto wa mshona mapazia. Watu wanaopita nje wanafikiri nini?

"Nishikie nafasi nipumzike kidogo," mgeni alisema. "Mstari haukai na pengo. Ni hatua zile zile, unazijua."

Kumshikia mtu nafasi ni jambo dogo, watu hulifanya kila siku kwenye foleni ya maji. Mshona mapazia alimwonyesha mgeni sukari ilipo, akamwambia dirisha la jikoni linahitaji kusukumwa kwa bega. Kisha aliuliza kama anaweza kuingia na raba zake au avue. Mgeni akasema aingie nazo. Akaingia.

Kule ndani palikuwa na sakafu ya mbao na taa kali. Mbele yao, mahali ambapo mtu angetegemea ukuta, kulikuwa na vyumba, kimoja juu ya kingine kama madirisha ya ghorofa wakati wa jioni, na katika kila chumba mtu mmoja anaruka. Kulikuwa na mama mjamzito, na mwanamume mnene aliyejifungia stoo wanawe wasimcheke, na muuguzi aliyetoka zamu na bado amevaa sare. Mshona mapazia hakuwahi kufikiri kwamba wako wengi hivyo, na kila mmoja yuko peke yake. "Nakuona!" mwalimu alipaza sauti. Alikuwa akitazama alama nyekundu iliyobandikwa juu ya vyumba vyote.

Binti alikuwa chumba cha tatu kutoka kushoto. Amekonda. Nyuma yake, kweli, shuka.

Kwa muda mrefu hakumwona mama yake, maana alimtazama mwalimu. Siku moja goti lilimuuma, akahamishia macho mstari wa nyuma, akaanza kupiga hatua, kuume na kushoto. "Mama?" alisema akihema. "Kumbe umeingia huko. Umependeza." Mstari wa nyuma hauna sauti, inayotoka ni ya mwalimu tu, hivyo mshona mapazia aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo binti alimfuata yeye. Kuume, kushoto. Ndivyo alivyomfundisha kutembea, akirudi kinyumenyume mbele yake chumba kizima, na furaha aliyoipata sasa ilikuwa ile ile, isipokuwa wakati ule mwishoni mtoto alimwangukia mikononi.

Dirisha alilipima kwa macho. Miaka yote ya kazi ilimfikisha hapo, na alilijua siku ile ile: urefu pima moja na shibiri. Kilichobaki ni kumwambia. Wakati wa kuruka hakuweza, kwani wenye magoti wote walikuwa wanamtazama yeye na hatua moja ya ovyo ingewaumiza. Ilibidi angoje kupoa. Mwalimu alisema, "Sasa tupoe," akafumba macho. Mshona mapazia akatanua mikono kuonyesha pima, na kabla hajafungua kiganja kuonyesha shibiri, binti alikuwa ameshika rimoti. Vyumba vilizimika kimoja baada ya kingine. Mwalimu, macho kayafumba, aliwaaga watu ambao hawakuwepo.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Yule mgeni hakurudi. Kidogo yake ya kupumzika ilikuwa ndugu ya sasa hivi ya binti.

Nyumbani, mzee wa chini alikosa usingizi kwa sababu ya ukimya. Alipanda ngazi akiwa na ufagio wake mkononi kuuliza kama kuna msiba, akafunguliwa na mwanamke asiyemjua, akakaribishwa chai. Akaja tena kesho yake, bila ufagio. Walikaa kwenye kochi, wakawasha video, na hawakuruka hata kidogo. Walitazama mpaka mwisho kabisa, kwa adabu, na mshona mapazia alipopunga mkono, nao walipunga. Aliwaona vizuri. Kochi lake mwenyewe lilikuwa na watu wawili, jambo ambalo halikuwahi kutokea akiwa amelikalia yeye.

"Anatanua mikono hivyo anapima nini?" mzee aliuliza.

"Dirisha la mwanawe," alisema yule mwanamke. "Pima na shibiri."

Jumapili binti alipiga simu. Yule mwanamke akapokea, akamwambia mama hayupo, ameingia kwenye video.

"Najua, shangazi. Naonana naye kila siku."

"Amesema dirisha lako ni pima moja na shibiri. Kitambaa kipo hapa, ukae naye mpaka mwisho akuonyeshe vizuri."

"Ah, mwambie asihangaike," binti alisema. Alikuwa anatembea, upepo ulisikika. "Nitapima mwenyewe. Subiri shangazi, nakupigia sasa hivi."

Baada ya hapo hakupiga tena Jumapili, kwa kuwa hakuona sababu. Kazini alisimulia kwamba mama yake siku hizi ni mzima wa afya, ana mwili mwepesi, na tangu atoke nyumbani hawajawahi kuwa karibu hivi. Wenzake walimwambia ana bahati, wengi wana wazazi ambao hawawaoni mwaka hadi mwaka. Hakuwa anadanganya. Alimpenda mama yake, na kila asubuhi alimtazama kuanzia magoti juu hadi jasho la mwisho, hatua kwa hatua, bila kupepesa.

Asubuhi moja mshona mapazia alipanga mguu wake mahali pake, akatazama chumba cha tatu kutoka kushoto, akaona shuka halipo. Dirishani kulikuwa na pazia la dukani, jepesi, rangi ya maziwa yaliyolala. Pindo lilikuwa la kiwandani na lilikuwa limeshavuta. Lilikuwa na urefu wa pima moja kamili, na chini yake mwanga wa jua ulipita kwa upana wa shibiri, ukaanguka sakafuni hadi miguuni pa binti.

"Umeona, mama?" binti alisema akihema, kwa fahari. "Nimeweka pazia."

Mshona mapazia aliitikia kwa kichwa. Walikwenda pamoja kuume, wakaenda kushoto. Mjamzito alikuwa amejifungua na aliruka polepole, mtoto kitandani. "Nakuona!" mwalimu aliiambia alama nyekundu. "Usiniache!" Kisha akasema, "Sasa tupoe," akafumba macho.

Mshona mapazia alitanua mikono, pima moja. Binti alikuwa ameinama kutafuta rimoti, ilikuwa imeanguka chini ya kochi, na kwa mara ya kwanza palikuwa na nafasi. Akafungua kiganja, shibiri, akakielekeza kwenye ule mwanga sakafuni. Binti aliinuka, akamtazama mama yake aliyesimama pale na mikono wazi.

"Na wewe, mama," alisema, "siku njema," akazima.