Diski Saba Ndani ya Jani la Mgomba

Gacheri alizifunga zile diski saba kwa majani ya mgomba siku ya Ijumaa alasiri, na alizifunga vizuri. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote: kwamba alizifunga vizuri.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua ya El Niño ilikuwa imepita Igembe, huko Meru, na kuyabeba mabomba ya mradi wa maji kama mtu anayeokota kuni, hili hapa, lile pale, hadi mengine yakakutwa yamelala mtoni chini kabisa. Kamati ya maji ya Maua ikasema mabomba yatawekwa upya, na safari hii hesabu ifanywe sawasawa, si ya kukisia kwa macho. Ndipo akaletwa Injinia Kithaka kutoka Embu, mwanamume mrefu, mpole wa sauti, pamoja na kompyuta yake aliyoifunika kwa shuka usiku na mchana kwa sababu ya vumbi.

Kompyuta hiyo ilitumia Linux, programu inayoiendesha mashine yenyewe. Kithaka alimweleza Gacheri kwamba Linux imetengenezwa na watu wengi walio mbalimbali duniani, kila mmoja akichangia chake, na mtu yeyote akiitaka anaichukua bure. Gacheri alikuwa na elimu ya darasa la nane, shule ya Mikinduri, basi. Kazi yake ofisini ilikuwa kufagia, kupika chai na kupokea barua. Lakini Kithaka hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza mambo, naye Gacheri alikuwa mtu wa kusimama na kuangalia mpaka jambo limwingie.

"Sasa nataka Octave," Kithaka alisema. "Hiyo ndiyo ya hesabu. Nikiipa urefu wa bomba, upana wake, na mteremko wa mlima, inaniambia maji yatafika sokoni na nguvu gani. Hiyo pia ni ya bure."

"Kama ni ya bure, si uichukue?"

"Ya bure lakini iko mbali," Kithaka akacheka. Enzi hizo mtandao ulipita kwenye waya za simu, na simu ya Maua ilikuwa haiwezi hata kushika mazungumzo ya dakika tatu. Kwa hivyo rafiki yake aliye chuo kikuu Nairobi aliivuta Octave kutoka kwenye mtandao, akaikata vipande saba, kila kipande na diski yake ya plastiki, pana kama kiganja. "Moja ikiharibika, Gacheri, zote ni takataka. Ni kama ngazi. Huwezi kuruka hewa."

Wa kuzileta alikuwa Sakariye, dereva wa pikapu ya miraa, vile vijiti vibichi vya kutafunwa. Kabla ya alfajiri aliondoka Maua akikimbizana na wenzake kufikisha miraa Nairobi ikiwa bado mbichi, na alasiri alirudi gari likiwa tupu, akiwabebea watu dawa, magazeti na barua. Kwa ofisi ya maji alibeba bila kudai chochote isipokuwa chai. Nayo kamati ilikuwa ikutane Alhamisi kuchagua mtu wa kusafirisha mabomba mapya kutoka Meru, kazi ya miezi mitano, na kila mtu alijua Kithaka atalitaja jina la Sakariye.

Ijumaa hiyo Kithaka alikuwa anaenda kwao Embu. Akiwa mlangoni na mkoba begani aligeuka. "Saka akileta diski, ziweke pahali poa. Jua lisizione. Joto ndilo adui wa hizo vitu."

Sakariye alifika saa tisa. Alishuka na bahasha ya khaki ameikumbatia kifuani.

"Dada Gacheri, mtoto wa Injinia huyu hapa. Nimempakata kwa paja kutoka Nairobi. Amelala njia yote, hata Thika hakulia."

"Umemlisha?"

"Ah, huyo ananyonya stima." Akacheka, akanywa chai yake vikombe viwili, akaenda.

Gacheri akabaki na bahasha. Mabati ya ofisi yalikuwa yakilia kwa jua, na ndani kulikuwa kama jikoni. Alijaribu kabatini, kukawa moto. Alijaribu chini ya meza, moto vilevile. Akafikiria: kitu kinachouawa na joto, kikiwa cha thamani, watu hukifanyia nini? Igembe nzima ilijua jibu, na Tigania, na hata mtoto mdogo wa Mikinduri. Mama yake alikuwa amefunga miraa kwa majani ya mgomba tangu Gacheri akiwa mgongoni.

Basi akatoka nyuma ya ofisi, akakata jani la mgomba changa lisilopasuka, akalipangusa vumbi. Akazitoa diski kwenye bahasha, akazipanga kwa namba zake, moja hadi saba. Akalinyunyizia jani maji kwa vidole, si mengi, kama anavyofanya mama. Akakunja, akakunja tena, akafunga kwa ukambaa wa mgomba, fundo lisiloteleza. Kifurushi kikawa kizuri, baridi mkononi. Alikitazama akatabasamu. Jumamosi alipita akakinyunyizia tena. Jumapili pia, akitoka kanisani na viatu vyake vizuri, alipita akakinyunyizia.

Jumatatu asubuhi alikifungua. Diski zilikuwa baridi kweli. Zilikuwa pia na matone, na ile ya tano ilikuwa na doa la kahawia la utomvu lililoshuka hadi kwenye kile kibati chake cha kuteleza. Gacheri alivua kitambaa cha kichwa, akazifuta moja moja mpaka zikang'aa, akazirudisha kwenye bahasha. Kisha akayachukua yale majani na kuyatupa kwenye shimo la takataka, mbio mbio, kabla Injinia hajafika. Kwa nini mbio? Hakujiuliza. Lakini mikono yake ilikuwa imeshajua kitu.

Kithaka alikuja na furaha ya mtu anayetarajia mgeni. Akaondoa shuka, akawasha mashine, maandishi meupe yakateremka kwenye kioo cheusi. Akatia diski ya kwanza. Mashine ikaguna kidogo, ikaimba.

"Sikia hiyo," akasema. "Hiyo ni sauti ya kukubali."

Ya pili ikakubali. Ya tatu. Ya nne. Gacheri alikuwa amesimama na thermosi, moyo ukianza kutulia. Kithaka akatia ya tano.

Krr. Krr, krr. Kimya. Krr.

Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Krr. Alijaribu mara sita. Akajaribu ya sita na ya saba, zikasomeka bila shida, akarudi kwa ile ya tano, na mashine ikakataa kwa sauti ileile ya kukwaruza, kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua.

"Nini imeingia hapa?" Kithaka alinong'ona. Hakuwa anamuuliza mtu.

Gacheri alijua. Alijua pale pale. Maneno yalikuwa mepesi: Injinia, ni mimi. Badala yake akakaza kifuniko cha thermosi.

Sakariye akaingia wakati huohuo. Gari lilikuwa gereji kwa ajili ya springi, na alikuja tu kusalimia. "Mtoto ameamka?"

"Uliweka wapi hizi diski?" Kithaka akauliza bila salamu.

"Kwa paja, Injinia."

"Paja gani? Gari yako ina spika kama kabati! Hujui spika ina sumaku? Sumaku inafuta kila kitu!"

"Spika iko nyuma ya kiti. Wallahi, diski zilikuwa kwa paja."

"Ama ulizimwagia kitu."

"Nikiendesha sinywi hata maji. Chai yangu nainywea hapa kwako."

"Nyinyi watu wa miraa mnajua kukimbia tu," Kithaka akasema, yeye aliyekuwa mpole. "Kitu kikiharibika, kila mtu ana paja."

Sakariye aliichukua ile diski mezani, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso kama mtu asiyeona vizuri. Akatazama sakafu. Kwa muda wa kupepesa jicho akaitazama mikono ya Gacheri iliyoshika thermosi. Kisha akairudisha diski taratibu.

"Labda ni spika," akasema.

"Basi Alhamisi nitaiambia kamati ukweli. Mtu asiyeweza kubeba diski saba hawezi kupewa mabomba mia mbili."

"Sawa, Injinia." Akatoka. Kikombe alichomiminiwa kilibaki kimejaa. Gacheri alikibeba hadi nje akakimwaga kwenye nyasi, na chai ile ilivyokuwa ikifuka alihisi kama anamwaga damu ya mtu.

Jumanne Kithaka alikwenda kwenye kibanda cha simu, akamwomba rafiki yake ile ya tano peke yake. Gacheri alifagia ofisi mara tatu. Kila alipoinama alijiambia: nikimaliza kona hii nitasema. Kona zikaisha. Alipokuwa nje anaanua vitambaa, Sakariye alipita barabarani kwa miguu, akamwinulia mkono. Gacheri alijifanya anatafuta kibanio kilichoanguka. Usingizi wa usiku huo haukuwa usingizi. Kazi hii aliipata wakati wasichana wawili wa kidato cha nne waliikosa, kwa sababu mzee wa kamati alisema huyu anajua kutunza kitu. Akisema, atafukuzwa. Asiposema, Sakariye atapoteza mabomba. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta, na bado hakuweza kuitatua.

Jumatano alasiri diski mpya ikaletwa na gari lingine. Kithaka alikuwa anaondoka kupima chemchemi kule juu, viatu vya matope tayari miguuni. Akamwekea Gacheri bahasha mkononi.

"Weka pahali poa mpaka nirudi. Wewe ndiye mtu wa pekee hapa ambaye akishika kitu, kimeshikwa."

Kama angemtukana ingekuwa afadhali.

Gacheri akaweka bahasha mezani, akatoka nje bila neno. Alirudi na jani la mgomba na bakuli la maji. Akachukua boksi tupu la viberiti, akaliweka juu ya jani, akanyunyiza maji kwa vidole, akakunja, akakunja tena, akafunga fundo. Akalisukuma mbele ya Injinia.

Kithaka alicheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Siku ngapi?"

"Tatu. Jumapili nilipita nikitoka kanisani."

"Ukinyunyiza."

"Nikinyunyiza."

Kithaka akakaa kwenye kiti polepole. "Mimi nilisema joto," akasema. "Maji sikuyataja. Hiyo tugawane, mimi na wewe. Lakini Jumatatu Saka alisimama pale ulipo, na wewe ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Nilimwita majina."

"Nilisikia, Injinia."

Kithaka alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Kamati nitaiambia mimi, na msamaha wangu nitamwomba mimi mwenyewe. Lakini yeye, umwambie wewe. Leo."

Alimkuta Sakariye gereji, amechuchumaa kando ya gurudumu na spana mkononi. Gacheri alisema yote akiwa amesimama, kwa pumzi moja, macho kwenye nati za gurudumu. Sakariye aliendelea kukaza.

"Najua," akasema.

"Injinia amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ile diski ilinuka mgomba. Miaka tisa nabeba miraa, nisijue harufu ya nguo yake? Na lile doa, dada, nina mashati matano yenye doa kama lile."

Gacheri akainua macho kutoka kwenye nati. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungefukuzwa kabla chai haijapoa. Mimi nikikosa mabomba, miraa iko. Wewe ukikosa ile thermosi, uko na nini?" Alihamia nati nyingine. "Nikasema, atakuja mwenyewe jioni. Nikakungojea Jumatatu jioni. Jumanne nikapita pale makusudi, nikakuinulia mkono."

Gacheri akachuchumaa kando yake.

"Nisamehe, kaka."

"Nitakusamehe. Si leo. Leo wacha nikaze hizi."

Alhamisi diski ya tano ilikubali mara ya kwanza. Kithaka akaunganisha vipande saba, kisha akaiacha mashine ipike, ndivyo alivyosema, ipike, ikageuza maandishi yaliyokuwa kwenye diski kuwa programu kutoka asubuhi hadi jua likielekea kuzama, huku yeye yuko kwenye kamati. Sakariye alipewa mabomba. Kithaka aliporudi aliingiza urefu na upana na mteremko, akabonyeza, na namba zikajipanga kwenye kioo kama watoto wa shule asubuhi. Akamwita Gacheri aje aone: hii ndiyo nguvu ya maji yakifika sokoni. Gacheri akaona, akasema ni vizuri. Kichwani alikuwa amefunga kile kitambaa alichofutia diski. Alikuwa amekifua mara nne kwa sabuni ya mche na doa la utomvu lilikuwa palepale.

Wiki iliyofuata Sakariye alileta barua za ofisi. Gacheri alinyoosha mikono yote miwili kuzipokea, kama siku zote. Sakariye akazipitisha juu ya mikono hiyo na kuziweka mezani.

Kisha akakaa. Gacheri akammiminia chai, na Sakariye akainywa mpaka mwisho, asiseme neno la mzaha hata moja, akakiweka kikombe kitupu karibu na mikono ya Gacheri.