Futari ya Zabibu

…mwaka elfu mbili na ishirini na tano, Aprili, masika inanyesha tangu alfajiri na Gerezani yote ni tope, najishughulisha na tarehe na mvua kwa sababu tarakimu za mizani bado zinacheza, paka hatulii, na Daktari Severine wa mifugo anangoja jibu, “Mzee, alikuwa anakula nini?”, na Sitara, binti yangu, mwenye paka, yuko ubavuni pangu, kanga imelowa, aliniachia Zabibu Februari alipohamia Kigamboni, akasema Baba ni mtu wa vipimo, hatamzidishia, na kweli nilipima, nikaona tumbo linaning’inia, nikakokotoa, Ramadhani inaingia, mimi nafunga, basi naye afunge, mlo wa mchana umefutika, hesabu imenyooka… “Alifunga,” nimesema, na yule bwana wa kwenye benchi mwenye tenga la kuku amecheka, “Loo, swaumu imemkubali, tazameni kitambi cha mheshimiwa!”, Sitara hakucheka, daktari anasema paka mnene hashindishwi njaa, ini huharibika, apewe kidogo kidogo kwa kipimo, kuku au samaki wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu… kitunguu, na zile sambusa je, mimi niliyesomesha takwimu chuoni nilipanga mchana wote nisiiandikie jioni hata safu moja, adhana ya magharibi ikiisha namwekea sahani mkabala na yangu, samaki wa nazi, sambusa, nyingine tena, kula mwanangu, umevumilia, na neno hilo kula sikuwa nimemwambia mtu ndani ya nyumba ile tangu Sitara aondoke, halafu Badria wa ghorofa ya juu alipogonga, “Baba Sitara, njoo ufuturu na sisi, utakaaje peke yako?”, nikajibu mlangoni, nina mgeni, naye akachungulia, akamwona paka mezani, akanisitiri, akaondoka… kumbe sikumfungisha kwa ajili ya afya yake, nilitaka mtu wa kufuturu naye, aibu hii hata haina kanuni… “Baba,” Sitara amesema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa, “na jioni je?”, daktari ameinua kalamu, yule bwana amenyamazisha kuku wake, nageukia mizani, imetulia, sita nukta tano, Februari alikuja kwangu na tano nukta moja, natoa, sihitaji karatasi, mwezi mmoja wa kutokula peke yangu, gharama kaibeba yeye tumboni: kilo moja na gramu mia nne.