Kamba ya Bi Hatupi

Mara ya kwanza walikwenda na mabango, wakaambiwa wapunguze kelele. Mara ya pili walikwenda na saini mia nne na kumi na mbili. Zikapokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala usingizi wa pono. Mara ya tatu, wakili wa chama cha kutetea mazingira, kijana aliyekuwa akiwasaidia bila kuwatoza chochote, aliwaambia waziwazi kwamba Kamati ya Maji ilikwisha zoea kelele na saini.

"Wanataka kitu cha kupima," alisema. "Mna nini cha kupima?"

Wanachama wa kikundi cha watumia visima walitazamana. Aliyejibu alikuwa katibu wao, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa ajili ya cherehani yake, na kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kumjulia mtu hali.

"Tuna kamba," alisema.

Akamweleza. Kila kisima mtaani kina kamba ya ndoo. Maji yakishuka, kamba haifiki, na mtu hakimbilii dukani kwa hilo. Anatafuta kipande cha chochote alichonacho, anakiunga juu, upande wa mkono, maisha yanaendelea. Tangu kiwanda cha maji ya chupa kifunguliwe kule mwinukoni, miaka minane iliyopita, watu walikuwa wameunga mpaka wamechoka. Zitandazwe kamba hizo mbele ya Kamati, vipimwe vile vipande vilivyoungwa, na kila mwenye macho ataona maji yamekwenda wapi.

Wakili alipiga meza kwa furaha. Fundi naye, kwa kunogewa, akaongeza neno moja ambalo alikuja kulijutia. "Ila jamani, siku hiyo tuje nadhifu. Tusionekane kama tumetoka jalalani."

Ndivyo alivyo Fundi. Hawezi kuona uzi unaning'inia asiukate. Na jambo lenyewe halikuwa la mzaha: kiwanda kilikuwa na visima virefu vitatu, sasa kiliomba kibali cha kisima cha nne, kibali cha miaka kumi na mitano. Kisima cha Fundi kilikauka kiangazi kilichopita. Alikifunika kwa bati, na kamba yake akaikatakata kufungia marobota ya vitambaa. Tangu hapo alikuwa akiletewa ndoo mbili kila siku na mama mkwe wake, nyumba ya pili. Kibali kikitoka, hata hizo ndoo mbili zingekuwa hadithi, na mtaa ungeanza kununua kwa chupa maji yake wenyewe.

Huyo mama mkwe aliitwa Bi Hatupi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mkono wake ulikuwa wa birika hasa. Vifungo, vizibo, mifuko ya sukari, kitasa cha mlango uliokwisha chomwa kuni, vyote alikuwa navyo. Kisimani kwake alichota mwenyewe tu, maana kamba yake hakumruhusu mtu kuishika.

Siku ya kikao, ukumbi ulijaa mapema. Mbele kulikuwa na meza ndefu ya Kamati, na juu yake chupa za maji za kiwanda zimepangwa mstari mmoja, zawadi ya bure. Miaka yote kiwanda kilikuwa kikiwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na safari hii kilikuwa kimezileta zenyewe. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa miwani na maneno machache, amefunga tai nyekundu kana kwamba kengele ya shule ingelia wakati wowote.

Fundi alisimama mlangoni kupokea watu wake. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Hatupi, na beseni kichwani. Ndani ya beseni kamba yake ilikuwa imejikunja, mbichi, ina tope, inanuka kisima.

"Mama," Fundi alisema kwa sauti ya chini, "hii itachafua sakafu ya watu. Iache hapa nje, kwenye korido. Za wenzetu zitatosha."

"Ulisema tuje na kamba."

"Nilisema, Mama. Lakini hii inanuka."

Bi Hatupi hakubishana. Alitua beseni kwenye korido, akaketi kando yake kwenye benchi, akazitazama kuta. Fundi aliona vibaya kidogo moyoni, lakini watu walikuwa wanaingia, akageuka.

Alipogeuka, roho ilimruka. Wanachama thelathini walikuwa wanaingia na kamba thelathini, zote mpya. Nyeupe, za nailoni, zinang'aa, nyingine bado na karatasi ya dukani. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Kamba yako ya kisimani iko wapi?" alimshika jirani yake mkono.

"Si hii hapa? Si umesema tuje nadhifu? Shemeji yako katuuzia kwa bei ya ndugu."

Shemeji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameketi nyuma anatabasamu kama bwana harusi.

"Na za zamani?"

"Tumetupa. Gari la taka limepita jana."

Fundi aliketi. Hakumlaumu mtu. Aliwaambia wawe nadhifu, wakawa nadhifu, na sasa ushahidi wa mtaa mzima ulikuwa umelala dampo chini ya maganda ya ndizi.

Mtaalamu wa kiwanda alitangulia kusema. Alikuwa kijana mpole, hana majivuno, na hilo ndilo lililomfanya aaminike. Alionyesha michoro ukutani. Kina cha maji, alisema, kimeshuka kwa sentimita arobaini tu katika miaka minane, mabadiliko ya kawaida ya msimu, kwa mujibu wa vipimo vya kiwanda chenyewe. Vipimo vingine havikuwepo. Alirudia hilo kwa adabu, mara mbili.

"Kikundi cha watumia visima," Mwenyekiti aliita. "Vielelezo vyenu."

Watu wakanyanyua kamba zao juu kwa fahari. Wakili alifunga macho. Mtaalamu akazitazama, akajizuia, ikamshinda. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hizi zinatuonyesha urefu wa kamba zinazouzwa dukani."

Ukumbi ukacheka, hata wanachama wenyewe walicheka kabla ya kujua wanachekwa wao. Fundi aliinuka, akatoka nje moja kwa moja. Wengi walidhani amekimbia aibu, na kusema kweli hatua mbili za kwanza zilikuwa za kukimbia. Ya tatu ilimfikisha kwenye benchi.

"Mama, nisaidie kamba yako."

"Si inanuka?"

"Inanuka. Na mimi nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe, Mama."

Bi Hatupi alimtazama mkwewe kuanzia viatu hadi tepu. "Sikupi," alisema. "Nakuja nayo."

Wakaingia wawili, beseni katikati yao, maji yakidondoka njia nzima. Wakainyoosha kamba sakafuni kutoka meza ya Kamati hadi karibu na mlango. Nusu kubwa ilikuwa katani ya zamani, nyeusi kwa miaka. Kisha likaja fundo, na baada yake misuko ya vitambaa, mmoja baada ya mwingine. Fundi alipiga magoti. Hofu yote ilimtoka, maana sasa alikuwa mbele ya vitambaa, na kwenye vitambaa hakuna aliyemzidi pale ndani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katani hii ilitosha kisima hiki miaka ishirini bila kuungwa. Kiungo cha kwanza ni hiki, bluu ya mistari myeupe. Nakifahamu, nilikishona mimi. Ni masalio ya mapazia ya ofisi za kiwanda, mwaka kilipofunguliwa." Akamgeukia mtaalamu. "Mapazia bado yapo?"

Kijana wa watu alijikuta anajibu ukweli. "Yapo."

"Mita moja na sentimita sitini," Fundi alisoma tepu, akasogea. "Cha pili, damu ya mzee. Hii ni sare..."

"Ya shule yangu," Mwenyekiti alidakia. Alikuwa amevua miwani. "Tuliibadilisha miaka sita iliyopita. Wazazi waligomba sana, sare za zamani zikawa matambara."

"Si kwangu," Bi Hatupi alisema.

"Mita moja na tisini. Cha tatu." Fundi alikipapasa kwa kidole. Kilikuwa kitambaa laini cha kijivu. "Hii ni bitana ya koti la marehemu baba mkwe wangu. Tulimzika miaka minne iliyopita. Koti nilimshonea mwenyewe, Mheshimiwa, na alilipenda." Akajikaza kisabuni, akasoma. "Mita moja na themanini."

Cha nne kilikuwa cheupe, kimesukwa kwa kubana. Fundi alikitazama, akakifungua kidogo kwa kidole, na ndani yake ikajitokeza herufi kubwa nyekundu, M, kisha A.

"Bango letu!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Lile lililoibiwa!"

Miaka miwili kikundi kizima kilikuwa kikimshuku mlinzi wa kiwanda.

"Mlilitupa pale nje baada ya kikao cha kwanza," Bi Hatupi alisema bila kupepesa. "Mimi nilikuwa na kisima kisichofikika."

Safari hii kicheko kilikuwa cha upande wao. Tarehe ya kikao kile ilikuwamo kwenye kumbukumbu za Kamati yenyewe, karani akaisoma. Fundi akamaliza kupima. "Mita mbili na kumi. Jumla, mita saba na sentimita arobaini, katika miaka minane. Hizo sentimita arobaini za mwenzetu naziona. Namdai mita saba."

Mtaalamu alikuwa na hoja, na haikuwa ya kipuuzi. Kamba moja ni kisima kimoja, alisema, na mtu anaweza kuunga kamba kwa sababu nyingi. Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu, akamwambia karani aichukue kamba, aipe namba, aifungie kabatini kama kielelezo.

Karani alipoinama, alikuta mguu wa Bi Hatupi juu ya kamba.

"Mkichukua hii, leo nitachotea nini?"

"Mama, ni kielelezo cha serikali sasa."

"Kielelezo kiko kisimani, mwanangu. Anayetaka kukiona anifuate."

Wakili alisimama haraka kuliko siku zote za uwakili wake. "Mheshimiwa, kanuni zinaruhusu Kamati kutembelea eneo husika." Mwenyekiti alitazama michoro ukutani, akatazama tope sakafuni, akachukua kofia yake.

Kwa hiyo mchana ule ule, Kamati nzima ilisimama uani kwa Bi Hatupi, kati ya vizibo na vitasa. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba alimruhusu mtu mwingine kuishika kamba. Mwenyekiti alishusha ndoo. Ilipita katani, yakapita mapazia ya kiwanda, ikapita sare ya shule, koti, bango. Kamba ikaisha mkononi mwake. Akainama juu ya ukingo mpaka mkono ukazama kwapani, na kutoka chini ilisikika sauti ya ndoo ikikwaruza jiwe la ukutani, haijagusa maji.

"Jana ilifika," Bi Hatupi alisema. "Kwa shida, lakini ilifika."

Mtaalamu alikuwa ameinama naye, anachungulia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu upya. Bi Hatupi alimkagua Mwenyekiti kutoka juu hadi chini, macho yakatua kifuani.

"Hiyo ingetosha," alisema.

Fundi alitamani ardhi impokee. Lakini Mwenyekiti alisimama wima, akafungua tai yake nyekundu polepole, akaikabidhi. Fundi aliipima kwa mazoea kabla ya kuifunga. Sentimita mia moja arobaini na sita. Ndoo ilishuka tena, safari hii ikarudi na maji, nusu yake tope. Karani aliandika: kiungo cha tano, tai ya Mwenyekiti, tarehe ya leo.

Kibali hakikutoka. Baada ya miezi mitatu ilitoka kanuni: hakuna ombi la kisima kirefu litakalosikilizwa bila vipimo vya visima vya wakazi, vilivyochukuliwa kila mwezi na wakazi wenyewe, na wakati wa kiangazi kiwanda kitafunga visima viwili kati ya vitatu. Wakili alisema wilaya mbili jirani zimeiomba kanuni hiyo ziiige. Fundi alizunguka mtaani kila mwanzo wa mwezi na tepu yake, akipima kamba zile mpya za nailoni, ambazo sasa zilikuwa na alama za rangi ya kucha.

Mwaka uliofuata, kiwanda kilileta ombi jipya. Kilishikilia kwamba maji hupanda na kushuka kwa msimu tu, kiwanda hakihusiki. Kikao kilipoanza, karani alimpelekea Mwenyekiti bahasha iliyoachwa asubuhi mlangoni. Ndani mlikuwa na tai nyekundu, imefuliwa, imepigwa pasi, na karatasi ya mwandiko wa Fundi: tumepita kiangazi kizima, visima viwili vya kiwanda vimefungwa, na kamba imebaki ya ziada juu ya ukingo. Tai haihitajiki tena.

Mwenyekiti aliiweka mezani mbele ya mtaalamu, ikae hapo kikao chote. Kisha akamtafuta Bi Hatupi kwa macho mpaka akampata nyuma kabisa, anakusanya chupa tupu.

"Mama, nasikia wewe hutupi kitu."

"Sikuitupa," alijibu. "Nimeirudisha."