Sura Katika Lipu Mbichi

Ilikuwa mwaka 1951, mwishoni mwa kiangazi, Hermelinda Zúñiga alipopewa ukuta wa kusini wa soko la Morelia, nchini Meksiko, auchore apendavyo. Ukuta wa kaskazini ulikuwa wa Mwalimu Abundio Olmedo tangu zamani. Hapo, miguuni pa wakombozi wa nchi, alichorwa mwanamke mlevi amelala, kifua wazi, kibuyu cha pombe ya mkonge mkononi. Sura yake ilikuwa ya Hermelinda.

Enzi ukuta huo ulipochorwa, Hermelinda alikuwa binti aliyemkorogea Mwalimu rangi. Mwalimu alimshika kiuno, naye akamsukuma mbele ya mafundi. Kesho yake sura yake ilikuwa ukutani. Mama yake, aliyeuza tamales, vitafunio vya unga wa mahindi, chini ya ukuta uo huo, alivumilia vicheko mwaka mzima, kisha akaondoa meza yake, na akafa bila kulikanyaga tena soko lile.

Tangu hapo Hermelinda hakuchora ila wanawake. Mabwana wa manispaa walipomwuliza sababu, aliwajibu kwamba wanaume wamekwisha kuchorwa vya kutosha. Hiyo haikuwa sababu yote. Kila mwanamke aliyemchora aliketi mbele yake kwa hiari, akachagua mwenyewe aiweke wapi mikono yake, na akaonyeshwa mchoro wa mkaa kabla rangi haijagusa lipu. Watu waliuita utaratibu huo upendo. Hermelinda alijua kwamba nusu yake ilikuwa chuki: kila mwanamke aliyemsimamisha wima ukutani alikuwa kofi kwa shavu la mtu mmoja.

Asubuhi ya siku ya mwisho, lipu ya kipande cha mwisho ikiwa mbichi, Mwalimu Olmedo alikuja na fimbo yake kuukagua ukuta. Wanawake wote wauzao sokoni walikuwa wamechorwa, kila mmoja na uso wake. Mmoja tu, aliyeshika kibuyu, hakuwa na kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Bado sijaamua, Mwalimu. Nimemfikiria mama yako."

"Na kibuyu kina nini?"

"Inategemea nitayachora vipi macho yake."

Bi Tomasa, muuza pilipili, aliangua kicheko. "Mwalimu wee, mbona umekauka kama mzigo wangu?"

"Mama yangu ni mtu wa kanisani!" Olmedo alifoka.

"Wangu naye alikuwa wa kanisani," Hermelinda akasema.

"Ule ulikuwa utani wa ujana."

"Ujana gani, baba, na mvi zile?" Bi Tomasa akadakia. "Au ulizaliwa nazo?"

Wanawake waliacha mizani zao wakasogea. Mwalimu alishusha sauti. "Unataka nikuombe radhi? Haya, niwie radhi."

"Sikuchorwa masikioni mwangu, nilichorwa ukutani. Nyundo ile pale, na tindo ile pale."

"Niibomoe kazi yangu? Watu wanatoka mji mkuu kuja kuitazama!"

"Ikifika saa nane lipu hii itakuwa imekauka, na nitakachokichora hakitatoka ila kwa nyundo. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo."

Alichovya brashi katika rangi ya udongo, akainyanyua. Moyoni alijua kwamba asingethubutu. Bibi kizee yule, mama yake Olmedo, hakuwa ameketi mbele yake, wala hakuwa amechagua lolote. Kumchora hivyo kungekuwa kuuchafua ukuta mzima na kumfanya Hermelinda awe Olmedo wa pili. Lakini aliisogeza brashi hadi karibu na lipu. Olmedo asingeweza kuhisi kwamba ni kitisho kitupu, kwa kuwa alimpima kwa kipimo chake mwenyewe, na yeye, angekuwa mahali pake, angechora. Hermelinda alilitazama jasho likimshuka Olmedo shingoni, akaona raha ambayo hakuionea haya.

Brashi iligusa lipu. Mstari wa kidevu ukatokea.

"Basi!" Mwalimu akalia. "Basi, mwanangu, acha!"

"Mimi si mwanao."

Olmedo akavuka soko hadi ukuta wa kaskazini, nyundo na tindo mkononi, wanawake wakimpisha. Akapiga magoti mbele ya wakombozi wake. Pigo la kwanza likaangusha shavu la yule mwanamke mlevi, la pili jicho. Vipande vya chokaa vikamrukia ndevuni. Uso ulipokwisha, akaweka tindo chini na kugeuka, akihema.

"Na kifua, Mwalimu," Hermelinda akasema nyuma yake.

Olmedo akaiokota tindo, akapiga.