Utangulizi wa Insha ya Zamu za Maji

Mwalimu Tumainieli alisoma utangulizi wangu kwa sauti, darasa zima la jioni likisikia. Nilikuwa nimewasalimu wazee, nikamshukuru Mungu kwa mvua, nikaomba radhi kwa kuthubutu kusema. Ndivyo mtu anavyoanza huku kwetu milimani akisimama kwenye kikao cha ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba.

"Careen," Anold aliita kutoka nyuma, "hii ni insha au umekuja kuposa?"

Wakacheka. Nikainamisha kichwa.

"Salamu ni nzuri," mwalimu alisema, "lakini nimefika mwisho na sijui unadai nini. Andika upya. Kesho ukishindwa, darasa la mtihani utalisubiri mpaka mwakani."

Mimi niliishia darasa la tano. Kusubiri tena kulinitisha kuliko kicheko chao.

Asubuhi nilikwenda kumwagilia tangawizi, nikakuta mfereji wetu mkavu. Jirani yetu, mama Hedwiga, alikuwa ameyageuzia maji kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyie vijana mnalala, maji hayalali."

Siku nyingine ningerudi nyumbani kimya. Siku hiyo mdomo ulinitangulia.

"Mama, maji haya ni yetu mpaka saa sita, maana zamu zilipangwa kikaoni na baba Hedwiga alikuwepo. Njoo nikuonyeshe tangawizi yetu ilivyonyauka, halafu useme mwenyewe nani amekosea."

Alinitazama, akaangua kicheko. "Kumbe unaongea!" Akachukua jembe, akaziba upande wake.

Nilisimama mferejini maji yakinipita miguuni. Nilikuwa nimesema ninachodai, nikatoa sababu, nikamwambia ninampeleka wapi. Na shikamoo moja ilitosha.

Jioni mwalimu aliniambia nisome mwenyewe. Nikasimama, nikasoma:

"Zamu za maji kijijini kwetu zipangwe na wote wanaolima, si wazee wenye mashamba peke yao. Wanaoshinda mferejini ni wanawake, lakini kikaoni hawaulizwi. Nitaeleza zamu zinavyopangwa sasa, kisha hasara tunayopata, na mwisho jinsi ya kurekebisha."

Anold akasimama kabla sijaketi. "Mwalimu, mimi sikubali! Baba yangu..."

"Tulia, hoja zenyewe hujazisikia," mwalimu alimkata, huku akitabasamu. "Careen, kesho uingie darasa la mtihani. Sasa soma aya ya pili, huyu bwana ana haraka ya kushindwa."

Nikafunua ukurasa, nikamtazama Anold usoni, nikaendelea.