Ukaguzi wa Alhamisi

Koplo alipoambiwa kwamba kwenye ukumbi wa nyuma ya zahanati kuna mwalimu anayewafundisha wanawake waliostaafu jeshi kupumua, alicheka hadi akashika mbavu. Miaka kumi na minane amebeba bunduki, goti moja limejaa vyuma, leo aambiwe hajui kupumua. Lakini alienda, kwa sababu nyumbani kuta zilikuwa zimeanza kumsogelea.

Walikuwa tisa. Kila Alhamisi walivua viatu, wakatandika mikeka, wakanyoosha viungo, wakapumua kwa hesabu, wakapalilia bustani ndogo ya mboga. Mwisho waliketi duara, kila mmoja akasema alichoweza. Mpishi, mkubwa wao kwa umri, aliyewapikia askari maisha yake yote, hakusema kitu kwa wiki sita. Hata kwake, alikoishi na bintiye, huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kimya. Wiki ya saba akafungua mdomo.

"Waliniomba chumvi," alisema. "Vijana thelathini, wanatoka alfajiri. Nikawaambia imekwisha. Ilikuwepo. Nilikuwa naibania tu."

Hakurudi hata mmoja wa wale thelathini. Wenzake hawakumwambia asijilaumu; walisogeza mikeka yao karibu naye, basi. Jioni ile Mpishi alimwita bintiye kwa jina. Siku chache baadaye akamgombeza kwa kuunguza vitunguu, na binti akampigia Koplo simu, analia kwa raha ya kugombezwa.

Ndipo likaja neno la ukaguzi. Mwalimu, msichana mpole asiyejua kuficha kitu, aliwaambia kwamba mkaguzi kutoka makao makuu atakuja na fomu. Usingizi, maumivu, hofu, maongezi na watu wa nyumbani: kila jambo lipewe alama, moja hadi kumi, na kumi ndiyo nzuri.

"Jazeni ukweli tu, mama zangu," alisema, na mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Mikono ile ndiyo iliyowaponza. Askari akishasikia ukaguzi, yanayofuata hayasikii tena. Mwalimu alipotoka, Koplo akasimama katikati ya mikeka.

"Sikilizeni. Huyu mtoto akionekana hajafanya kazi, watamfukuza, na sisi tutafungiwa. Kumi kila mstari. Asinung'unike mtu mbele ya mgeni."

"Hata usingizi?" Mpishi aliuliza.

"Usingizi hasa, dada. Unalala kama gogo."

Wakacheka. Wakapiga deki sakafu mara mbili, wakapanga viatu mstari mmoja, visigino ukutani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo wote tisa waliijua tangu utotoni, na wote tisa waliandika kumi.

Mkaguzi alizisoma fomu palepale akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera zaidi. Alimpongeza mwalimu, akawapa mikono mmoja mmoja, akasema hajawahi kuona kundi lililopona namna hii. Wiki mbili baadaye vikaja vyeti tisa vya kuhitimu. Ukumbi wakapewa wengine, waliopata alama mbaya kwa kusema kweli.

Koplo alimfuata mkaguzi ofisini kwake.

"Tulidanganya," alisema. "Mimi ndiye niliyewaamuru."

"Mama yangu," mkaguzi akajibu, akimvutia kiti, "kila kundi likimaliza, haikosi mmoja wa kuja kuniambia hivyo. Ni uchungu wa kuagana. Utapita."

Pengine angepiga meza angeaminika. Lakini jeshi lilimfunza adabu mbele ya wakubwa, akashukuru na kutoka, huku akijichukia kila ngazi aliyoshuka.

Mwezi haujaisha, binti wa Mpishi akapiga simu.

"Mama amenyamaza tena, shangazi. Cheti amekibandika ukutani. Nikimwuliza kinachomuuma, ananionyesha cheti kwa kidole. Nani alimwambia aandike kwamba amepona?"

"Mimi," Koplo alisema.

Binti hakufoka. "Basi njoo umwambie vingine. Wewe anakusikiliza."

Alienda mchana uleule, goti likimuuma njia nzima. Alimkuta Mpishi jikoni anamenya viazi. Alikuwa amepanga maneno yake vizuri: kwamba amri ile ilikuwa makosa, kwamba ameifuta, kwamba aseme lolote lililomo moyoni, hata matusi. Aliyasema yote. Mpishi alimsikiliza, kisha akainuka, akabana miguu, akanyoosha mikono ubavuni, kisu bado kiganjani, macho yakitazama mbele. Mwanamke aliyemzidi Koplo miaka tisa, amesimama wima mbele yake jikoni kwake mwenyewe.

Koplo akamwambia aweke kisu, akakiweka. Akamwambia aketi, akaketi. Akamwambia, "Sema, dada yangu, nakuomba," na Mpishi akaendelea kumtazama, akingoja amri anayoiweza.